Gari la Watu Kwenye Kava Lako

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 23, natokea Muheza. EP yangu ya nyimbo tano iko tayari. Kava nimelitengeneza mwenyewe kwa simu, kwa sababu dizaina alitaka laki moja na nusu. Rafiki yangu alipoliona akacheka, akasema ni la kuungaunga. Sasa naogopa kuachia. Nikope hela nimlipe dizaina, au niachie hivi hivi watu waone sina uwezo?
Mwenye Aibu, Tanga

Mwanangu, kwanza hongera. Kukamilisha nyimbo tano si mchezo, na wengi wanaocheka makava ya wenzao hawajamaliza hata wimbo mmoja. Rafiki yako sijui yuko kundi gani.

Nimezisikiliza zote ulizonitumia, kisha nikafungua hilo kava. Hebu nikuulize taratibu: lile Range Rover ni la nani? Maana katika nyimbo zote tano sijalisikia. Nimemsikia mama anayeamka alfajiri, nimesikia beseni la machungwa, stendi, makonda wanaoita abiria, na msichana anayemenya machungwa huku amebana daftari kwapani. Kufika kwenye kava nakuta miwani nyeusi, noti za dola zinanyesha, na namba mbili za simu za meneja. Nikadhani umenitumia picha ya mtu mwingine.

Unadhani rafiki yako amecheka kwa sababu kazi umeifanya mwenyewe. Mimi nadhani zilizomchekesha ni zile dola. Mtu akijikaza aonekane tajiri, watu huona kule kujikaza kwanza. Hata ungekopa ukamlipa dizaina, angekuchorea dola zinazong'aa zaidi, na deni likabaki kwako.

Hilo la kujitengenezea lisikunyong'onyeshe. Bibi Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakuna aliyemsumbua kwa habari ya kava. Santuri za enzi zile kwa kawaida ziliuzwa kwenye bahasha za karatasi zisizo na picha, na jina lake halijafutika mpaka leo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo Alex Steinweiss, kijana aliyeajiriwa na Columbia Records huko Marekani, alipoanza kuwashawishi wakubwa zake kwamba muziki ukiwekewa picha utauzika. Miaka thelathini baadaye Joni Mitchell wa Kanada alijichora sura yake mwenyewe kwenye kava la albamu yake Clouds, ya 1969, na albamu hiyo ikampatia tuzo ya Grammy. Ila nikwambie ukweli wote: Joni alikuwa amesomea uchoraji. Wewe hukusomea, kwa hiyo usichore. Piga picha.

Nenda stendi asubuhi, jua likiwa bado la upole, na simu hiyo hiyo uliyonayo. Safisha lenzi kwa kitambaa, usitumie flashi. Piga beseni, kisu, maganda, mikono ya mama ikimenya. Piga nyingi, utachagua moja. Na tafadhali usipakue chungwa la Google. Kwanza lina mwenyewe, na kuliona bure si ruhusa ya kulitumia. Pili, machungwa ya kwetu huiva yakiwa na ganda la kijani, na yeyote aliyepita barabara ya Segera kwenda Tanga analijua hilo. Ukiweka lile jekundu la kwenye matangazo, watu wa Muheza watakuwa wa kwanza kukukana.

Kisha punguza. Kanga nzima, pamoja na mji na pindo zake, hubeba jina la maneno machache tu, na ujumbe unafika mpaka kwa jirani. Kava lako nalo linahitaji picha moja, jina lako na jina la EP. Namba za meneja zitoe. Wasambazaji wa muziki mtandaoni hulikataa kava lenye namba za simu, anwani za mitandao au nembo za maduka ya muziki. Wengi wao hutaka picha ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na ukichukua kipicha kidogo ukakivuta kifike hapo, kitatoka na ukungu. Ukishamaliza, lipunguze liwe dogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa sababu huo ndio ukubwa ambao wasikilizaji wengi watakutana nao kwenye simu. Mpe konda yeyote alisome. Akikunja macho, ongeza ukubwa wa herufi.

Kuhusu dizaina, usikope, lakini usimfanye adui. Lemi Ghariokwu wa Nigeria alimchorea Fela Kuti makava zaidi ya ishirini, kuanzia Alagbon Close ya mwaka 1974, na alikuwa anausikiliza muziki kwanza ndipo anashika brashi. Huyo wako alisikiliza hata wimbo mmoja kabla ya kukutajia bei? Ukipata senti kidogo, mpelekee picha yako mwenyewe umwombe akupangie maandishi tu. Kupanga herufi ni ujuzi, ulipie bila kulalamika. Mwandikiane kwamba unaruhusiwa kulitumia kava popote, na akukabidhi faili lenyewe, usiishie kubaki na picha ya kwenye WhatsApp.

Sasa turudi kwenye hiyo aibu, maana naona hujaitaja yote. Kusimama kando ya gari la watu hakuogopeshi: wakicheka, wamecheka gari. Beseni ni jambo jingine. Wakilicheka, wamekucheka wewe, na mama, na kila asubuhi mliyokaa pale stendi. Naelewa kwa nini ulikimbilia dola. Ila, mwanangu, hayo yote umeshayaimba, tena kwa sauti isiyotetemeka. Anayebonyeza wimbo wa kwanza atakutana na beseni tu. Ukimwonyesha mapema, ataingia akijua anaingia nyumba ya nani.

Limebaki la adabu. Usimpige mama picha kwa kumvizia. Mweleze itakwenda wapi na itaonwa na watu wa aina gani, halafu mwache aamue. Akikataa, usimbembeleze, beseni peke yake linatosha. Akikubali, mwombe aje na nguo zake za kazi, ingawa wewe na mimi tunajua atakuja amevaa za harusi.