Mkono Uliopooza Hufundishwa kwa Mchezo

Mtu akiamka asubuhi, upande mmoja wa mwili umelegea na mdomo umepinda, jamaa husema mara moja, "Amelogwa." Sivyo. Ni kiharusi: mshipa wa damu wa kichwani umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo imekufa. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu nyingine za ubongo zaweza kujifunza kazi yake, kama mtoto ajifunzavyo kushika kijiko, kwa kurudia mara nyingi sana. Hapo wagonjwa wengi hushindwa. Kuinua mkono ule ule kila siku kwachosha moyo. Basi mgonjwa hutumia mkono mzima tu, na ule mwingine hukaa mapajani mpaka unasahauliwa.

Kwa sababu hii waganga wamejaribu michezo ya video. Mgonjwa hushika kifaa kidogo mbele ya televisheni. Akisogeza mkono, mpira unapigwa katika picha, na mashini inamhesabia pointi. Anataka kushinda, kwa hiyo anarudia bila kuchoka upesi.

Je, mashini hii inapita michezo mingine? Waganga wa Kanada, Argentina, Peru na Thailand walichunguza neno hili, wakatangaza jibu mwaka 2016. Wagonjwa 141, ambao kiharusi chao hakijapita miezi 3, waligawanywa. Wengine walicheza Nintendo Wii, wengine karata au mpira, saa moja kila mara, mara 10 katika majuma 2. Wote waliendelea na mazoezi ya hospitali. Mikono ya pande zote mbili ilipata nafuu, wala wa mashini hawakuwapita wa karata.

Basi wewe usiye na mashini hukunyimwa dawa. Kama mkono umeanza kusogea hata kidogo, mwite mjukuu mcheze karata. Ikianguka, iokote kwa mkono ule dhaifu. Chagua maharagi pamoja na wanawake, hata kama wewe ni mwanaume. (Wazee wengine huona haya, mkono hauna haya.) Mchezo wa simu haufai sana, maana kidole gumba tu ndicho kinachofanya kazi.

Nanyi mnaomtunza, angalieni asirushe kifua mbele badala ya kunyosha mkono. Tena msimwinue kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega likiumia, hatacheza tena kwa majuma mengi.