Kutoka Dawati la Mikopo hadi Ukocha wa Afya: Hesabu Niliyoipiga Kasulu

Mwanachuo mwenzangu unayesoma uhasibu au fedha na moyo wako uko kwingine, makala hii ni yako. Sikuambii uache fani. Nakuonyesha hesabu tu.

Baada ya kuhitimu nilipata kazi ya afisa mikopo Kasulu. Asubuhi napanda boda kwenda kukusanya marejesho, jioni najibu kwa nini fulani hajalipa. Siku moja nilimfuata mama muuza maharage sokoni. Alikuwa na mikopo mitatu, mmoja wa ile tunayoiita kausha damu. Akaniambia, "Mwanangu, nitalipa, lakini tangu wiki iliyopita silali." Nikaandika kwenye fomu: ameahidi kulipa. La kutolala halikuwa na nafasi kwenye fomu. Usiku huo na mimi sikulala. Nilipokwenda kupima, presha yangu ilikuwa juu, na umri wangu miaka 29.

Somo la kwanza: usiruke bila akiba

Mshahara ulikuwa 700,000. Matumizi 420,000, nyumbani natuma 70,000, zinabaki 210,000. Nilijiwekea lengo la matumizi ya miezi sita, yaani 2,520,000. Ilinichukua mwaka mzima. Mwaka huo nilijifunza ukocha usiku, nikaanza kutembea kupanda mlima wa Murubona kila alfajiri.

Somo la pili: jua mteja wako ni nani

Hapa ndipo nilipochemka. Nilipanga bei ya 20,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Ili kufikisha 420,000 nilihitaji wateja 21. Nikapata saba: walimu na watumishi wa ofisini. Ni 140,000. Kila mwezi nachota 280,000 kwenye akiba, kwa hiyo muda wangu ulikuwa miezi tisa, basi.

Tena nilikuja na mambo ya mtandaoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Ni kweli, lakini ukimwambia hivyo mama aliyelima tangu alfajiri na kurudi na kuni kichwani, atakucheka, na ana haki. Shida yake ni usingizi, chumvi nyingi na deni. Shirika hilohilo linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Hilo mnaweza kuliongea mbele ya sufuria ya maharage, na akakuelewa.

Nikarudi kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, safari hii bila fomu ya marejesho. Vikundi viwili, kila kimoja watu 30, kila mtu 1,000 kwa kikao, vikao vinne kwa mwezi: 240,000. Tunaanza na daftari la madeni, halafu chakula, halafu usingizi. Ukijumlisha na wale saba, ni 380,000. Pengo la 40,000 naliziba kwa kuandika vitabu vya duka moja. Kwa hiyo fedha sijaiacha. Ndiyo inayonilisha, na ndiyo inayofanya akina mama waniamini.

Somo la tatu: jua mpaka wako

Mhasibu ana NBAA ya kumsajili na kumwajibisha. Mimi sikufanya mtihani wa bodi yoyote kabla ya kujiita kocha. Mteja mmoja alijisikia nafuu baada ya mwezi wa kutembea, akaniuliza, "Kocha, sasa si niache vidonge vya presha?" Niseme ukweli: nilitamani kusema ndiyo, maana ingekuwa ushahidi kwamba kazi yangu inafanya kazi. Nikamwambia arudi hospitali kabla ya kugusa dozi. Daktari akamwambia aendelee nazo. Ningejibu vingine, leo nisingekuwa naandika haya kwa amani.

Kabla hujaamua, jibu maswali haya:

1. Matumizi yako halisi kwa mwezi ni kiasi gani?
2. Akiba yako itadumu miezi mingapi ukipata theluthi tu ya wateja uliowategemea?
3. Ni swali gani la mteja utakalolikataa kulijibu?

Mama wa maharage yuko kwenye kikundi cha pili. Amebakiza mkopo mmoja. Wiki iliyopita alichelewa kikao. Anasema alipitiwa na usingizi.