Seva Pepe: Je, Snapshoti Inatosha?

Mkazi anapolipia leseni ya biashara kwa simu, huenda anahudumiwa na seva pepe. Programu kama VMware au Proxmox hugawa mashine moja halisi, kila sehemu ikafanya kazi kama kompyuta kamili. Umeme na nafasi huokolewa.

Wengi huuliza iwapo snapshoti, yaani hali ya seva iliyohifadhiwa wakati fulani, ni nakala rudufu. Sivyo. Kwa kawaida hukaa kwenye diski ileile. Diski ikiharibika, vyote hupotea pamoja. Hufaa kabla ya kusasisha programu, kisha ifutwe, kwani huzidi kujaza diski.

Rekodi za leseni, hospitali na ardhi zahitaji nakala kamili katika mashine nyingine, ikiwezekana jengo jingine. Nayo ijaribiwe kurejeshwa mapema, wafanyakazi wakiwa bado na muda wa kurekebisha kasoro.