Baba Aliyetoka Mbio: Kijitabu kwa Walimu wa Shule ya Jumapili, Wazazi na Wazee wa Kanisa

Kijitabu hiki kinahusu somo moja tu: namna ya kumfundisha mtoto kwamba Mungu ni Baba anayempenda. Wengi huliona kuwa jepesi, maana watoto wetu huikariri Sala ya Bwana kabla hawajajua kusoma. Kwa maoni yetu ni miongoni mwa masomo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu mtoto akisikia habari za baba humkumbuka kwanza baba wa nyumbani kwao.

Watoto walio mbele yako

Kwenye mkeka mmoja ameketi mtoto anayekuja kanisani amebebwa mabegani na baba yake. Kando yake yuko anayelelewa na bibi kwa kuwa baba alikwenda machimboni Geita na hajarudi. Yuko aliyefiwa. Yuko pia yule anayejificha chini ya kitanda baba akirudi amelewa. Mwalimu akiwaambia wote kwamba Mungu ni kama baba yao, huyu wa mwisho amesikia jambo la kutisha.

Watoto wa namna hii si wachache. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 hivi kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopata ukatili wa kimwili walikaribia robo tatu. Watoto kama hao wamo hata katika kwaya zetu za watoto.

Kwa hiyo usianzie kwa baba wa nyumbani. Anzia kwa Baba ambaye Yesu mwenyewe alimsimulia, watoto wamwone alivyo, kisha kila mmoja ampime kwa moyo wake.

Simulizi ya Luka 15

Hakuna mahali pazuri pa kuanzia kama hapa. Lakini mara nyingi tunaifundisha vibaya: tunakaa muda mrefu kwa mwana mpotevu, nguruwe na maganda, halafu kengele inalia tukiwa hatujamfikia baba. Watoto wanaondoka na onyo la kutotapanya mali. Onyo hilo ni jema, ila Yesu alikuwa akiwajibu watu walionung'unika kwamba anakula na wenye dhambi, na katika jibu lake aliyebeba uzito wote ni baba.

Basi kaa na baba. Waulize watoto: alimwonaje mwanawe akali mbali? Waache wafikiri hadi mmoja aseme kwamba labda alikuwa akitazama njia kila siku. Waulize kama wamewahi kumwona mzee mwenye heshima zake kijijini akikimbia barabarani mbele za watu. Watacheka, na hapo ndipo watakapoelewa. Wazee wa nchi ile nao hawakuwa watu wa kukimbia, lakini huyu alikimbia, akamkumbatia kijana anayenuka zizi kabla hata hajamaliza kuomba radhi. Akaagiza vazi, pete na viatu.

Igizeni. Mtoto mmoja awe baba na akimbie kweli, kutoka mlangoni hadi mbele.

Usimsahau kaka mkubwa, aliyesusa nje akisikia ngoma. Watoto watiifu, wale wanaofagia na kuchota maji bila kuambiwa, wanamfahamu sana. Baba alimfuata nje naye, akambembeleza. Alitoka nyumbani kwa ajili ya wana wote wawili.

Kwa mtoto asiye na baba

Usimwulize mtoto mbele ya wenzake kama baba yake anampenda, wala usimwagize kila mmoja achore picha ya baba yake. Mwagize amchore mtu anayemfanya ajisikie salama. Anaweza kuchora babu, baba mdogo, mjomba au mama, na Biblia haitakupinga: Isaya 66 inamfananisha Mungu na mama anayemfariji mwanawe, na Hosea 11 inamweleza akimfundisha mtoto kutembea huku amemshika mikono. Zaburi ya 68 inamtaja kuwa baba wa yatima. Yatima aliye darasani anastahili kuisikia habari hiyo, lakini isisemwe huku wote wakimgeukia yeye.

Atakuja siku moja mtoto wa miaka 10 akuulize: kama Mungu ananipenda, mbona alimwacha baba yangu afe? Tafadhali usimjibu kwamba Mungu alimpenda baba yake zaidi akamchukua. Ni maneno ya msibani yaliyozoeleka, na anayeyasema ana nia njema, lakini mtoto huelewa kwamba Mungu ni mwizi wa wazazi. Tena huanza kuogopa kumpenda Mungu, asije mama naye akachukuliwa. Mwambie kweli: sijui kwa nini. Kisha msimulie kwamba Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, na kwamba usiku wa Gethsemane, akiwa na uchungu mkubwa, bado alimwita Mungu Baba. Mtoto anaruhusiwa kulia na kuomba kwa wakati mmoja. Mketie karibu. Si lazima useme zaidi.

Fimbo na vitisho

Mtoto huamini anachokiona kwa mwalimu kuliko anachokisikia. Ukifundisha upendo huku umeshika kiboko, atakumbuka kiboko. Vivyo hivyo kauli ya kwamba Mungu atamchoma moto kwa kupiga kelele: inanyamazisha darasa kwa dakika tano na kumtia mtoto hofu ya miaka.

Wapo watakaotaja Mithali 13 kuitetea fimbo. Hatupuuzi malezi wala nidhamu, na mtoto anahitaji mipaka iliyo wazi. Lakini Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa, na wanafunzi walipowazuia watoto, Marko 10 inasema Yesu aliwakasirikia wanafunzi. Watoto aliwakumbatia. Msimamo wetu ni kwamba fimbo haina nafasi katika Shule ya Jumapili.

Mtoto akikueleza siri

Somo hili likifundishwa vizuri, baadhi ya watoto watafunguka. Sikiliza bila kushtuka usoni wala kuhojihoji. Mwambie umemwamini na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kutomwambia mtu yeyote, kwa kuwa itabidi uwaambie wanaoweza kumlinda. Usimwite mtuhumiwa, na usilipeleke jambo kwenye kikao cha wazee lisuluhishwe kifamilia. Tanzania, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi; Kenya, kwa afisa wa watoto au polisi. Katika nchi zote mbili, namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kupiga ni bure.

Ombi kwa wazee wa kanisa

Katika sharika nyingi kazi ya watoto imeachiwa akina mama na wasichana wa kwaya, na wanaifanya kwa moyo. Watoto wanahitaji pia kumwona mwanamume mzima akiketi nao mkekani, akiwaita kwa majina, akimsikiliza mwenye kigugumizi mpaka amalize. Kwa mtoto mwingine huyo ndiye mwanamume wa kwanza mpole anayemfahamu. Mtafuteni. Kabla hajaanza, ulizeni habari zake kwa jirani zake na kwa usharika alikotoka, na muweke utaratibu usiovunjwa: kila darasa liwe na walimu wawili, mlango ubaki wazi, na asiwepo mtu mzima, awe mwanamume au mwanamke, anayebaki peke yake na mtoto mmoja chumbani.