Beringi za Magurudumu ya Mbele



Gari la chama cha ushirika au la zahanati hupita njia ngumu. Hupita mchanga na matope, na huvuka mito. Siku moja dereva husikia mvumo upande wa mbele. Akiupuuza, gurudumu laweza kukwama au kuchomoka gari likiwa mwendoni. Huenda siku hiyo ndani yake yumo mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya wilaya. Basi leo tujifunze kutunza beringi za mbele. Somo hili ni la gari kama Land Cruiser lenye ekseli ndefu moja mbele. Kama gari lenu ni la namna nyingine, fuateni kitabu chake.

KAZI YA BERINGI

Kila gurudumu la mbele lina beringi mbili, ya ndani na ya nje. Beringi ina rola, yaani vyuma vidogo vya mviringo, vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Rola huviringika ndani ya kikombe cha chuma. Umbo hilo huziwezesha kubeba uzito wa gari, na pia kuhimili msukumo wa pembeni gari likikata kona. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hii mwaka 1898.

Adui wa beringi ni vumbi na maji. Habu ikiwa ya moto, hewa iliyo ndani hutanuka. Gari likiingia mtoni, habu hupoa ghafla na hewa hiyo husinyaa. Hapo maji hunyonywa kupitia sili iliyochakaa, na grisi huharibika. Dereva mwenye busara husimama kwanza kabla ya kuvuka, habu zipoe.

DALILI ZA UBOVU

Sikiliza mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Kisha inua gurudumu kwa jeki. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, kuna kasoro. Lizungushe pia kwa mkono. Likikwaruza, beringi imekwisha kuumia.

KAZI YENYEWE

1. Egesha gari mahali tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za tairi, inua gari kwa jeki, kisha likalishe juu ya stendi imara. Usiamini jeki peke yake. Jeki hushuka bila kubisha hodi.

2. Toa tairi. Fungua kalipa ya breki na uifunge juu kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo. Breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

3. Fungua kifuniko cha habu. Toa pete ya kubania iliyo kwenye ncha ya ekseli, kisha fungua nati na utoe sehemu inayoshikanisha ekseli na habu.

4. Utaona nati mbili kubwa, na katikati yake washa ya kufungia. Nyoosha masikio ya washa hiyo. Toa nati ya nje, washa, kisha nati ya ndani. Tumia spana yake maalumu. Ukigonga kwa nyundo na tindo utaharibu nati.

5. Vuta habu taratibu, ukiizuia beringi ya nje isianguke mchangani. Panga kila kitu juu ya kitambaa safi. Vya kulia visichanganyike na vya kushoto.

6. Toa sili na beringi ya ndani. Osha beringi na habu kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani itoke. Usitumie petroli, maana hushika moto upesi. Kausha vizuri.

7. Kagua kwenye mwanga. Rola au kikombe kikiwa na vishimo, mikwaruzo au rangi ya buluu ya kuungua, badilisha beringi pamoja na kikombe chake. Havitenganishwi. Ukikuta grisi imekuwa nyepesi na inanuka mafuta ya difu, jua kuwa sili ya ekseli nayo imechoka.

8. Weka grisi ya beringi kiganjani. Kandamiza upande mnene wa beringi juu yake mpaka grisi ipenye na kutokea upande wa pili. Zunguka beringi yote hivyo hivyo. Kupaka kwa nje tu hakutoshi. Funga sili mpya.

9. Rudisha habu. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu mbele na nyuma, ili rola zikae sawa. Ilegeze mpaka izunguke kwa vidole. Halafu ikaze tena kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Wako wanaosema kukaza sana ndiyo usalama. Sivyo. Ikikazwa mno, beringi huungua; ikilegea, gurudumu hucheza.

10. Weka washa mpya na nati ya nje, kaza, pima tena, kisha kunja masikio ya washa. Rudisha vyote. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Endesha kilomita 10 hivi, kisha sogeza mkono karibu na habu. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto isiyoshikika, rudi ukague ulivyokaza.

ANDIKA DAFTARINI

Andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Kwa mfano, gari limehudumiwa likiwa na kilomita 84,500. Kama kitabu kinataka kila kilomita 20,000, huduma ijayo ni kilomita 104,500. Gari likizama majini hadi juu ya habu, kagueni mapema. Daftari likiwapo, dereva mpya hahitaji kubahatisha, na kamati inajua fedha zimekwenda wapi. Sili ni kitu kidogo. Ekseli ikiharibika, gari linalala, na wagonjwa wanabebwa kwa machela.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini habu ipoe kabla ya kuvuka mto?
2. Kuna hatari gani kukaza nati kupita kiasi?
3. Katika kijiji chenu, nani anatunza daftari la gari?

MANENO MAPYA

Habu: kitovu cha gurudumu.
Sili: mpira unaozuia grisi kutoka na maji kuingia.
Kalipa: sehemu inayobana diski ya breki.
Hataza: haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni.