SOMO LA MAKATIBU: SENTENSI SAHIHI ZA KIINGEREZA



Mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi sasa vina daftari, lakini barua ya mkopo au ripoti ya mfadhili ikiandikwa kwa Kiingereza, shida nyingine huingia. Katibu anawaza kwa Kiswahili, halafu anahamisha neno moja moja. Sentensi inatoka ikisema jambo ambalo kikundi hakikusema. Penye pesa, hilo si jambo dogo. Tuangalie makosa manne.

1. Kukopa na kukopesha. Kwetu maneno haya ni ndugu. Kwa Kiingereza ni mawili mbali mbali: anayepokea mkopo ni "borrow", anayetoa ni "lend". Kama kikundi kilimkopesha mwanachama, usiandike "We borrowed a member 5,000 shillings". Afisa anaweza kudhani kikundi ndicho chenye deni! Sahihi ni "We lent a member 5,000 shillings". Naye mwanachama ataandika "I borrowed 5,000 shillings from the group". Hilo neno "from" linaonyesha pesa zilitoka kwa nani.

2. Wakati. Sisi tunasema tulinunua, tumenunua, tutanunua. Kiingereza ni "we bought", "we have bought", "we will buy". Ukiandika "We buy two goats", mfadhili hajui kama mbuzi wako zizini au bado wako sokoni. Ukitaja tarehe iliyopita, usitumie "have". Andika "We bought two goats on 4 March".

3. Kumtaja mtu mara mbili. "Wanachama wamekubali" ina "wa" ndani ya kitendo, kwa hivyo wengi huandika "The members they have agreed". Ondoa "they". Tena, "yeye" wetu ni wa wote, lakini mama ni "she" na mwanamume ni "he".

4. Herufi "s". Kwa mambo ya kila siku, mtu mmoja "pays", wengi "pay". "Each member pays 100 shillings." "All members pay 100 shillings." Yaani kitendo cha mmoja ndicho kinachobeba "s".

Njia ya kufanya kazi

Kwanza andikeni kwa lugha ambayo wote wanaelewa. Sentensi iwe fupi, jambo moja tu: nani, alifanya nini, lini, kiasi gani. Kisha katibu aandike kwa Kiingereza. Halafu mtu mwingine, sio katibu, aisome hiyo barua mbele ya kikundi akiirudisha kwa Kiswahili. Maana ikibadilika, rekebisheni kabla ya kutia sahihi. Mweka hazina asiweke sahihi kwa karatasi asiyoielewa, hata kama aliyeiandika amesoma sana.

Na asiyejua Kiingereza si mjinga. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za Kenya. Mkienda ofisi ya serikali, ulizeni kwanza kama barua ya Kiswahili itapokelewa.

Zoezi la kikundi

Sahihisheni pamoja:
(a) "Our members they pays 50 shillings every Friday."
(b) "We have received the seeds on 10 April."
(c) "The chairlady he borrow the group 2,000 shillings last week."

Majibu
(a) "Our members pay 50 shillings every Friday."
(b) "We received the seeds on 10 April."
(c) Hapa ulizeni kwanza: nani alitoa pesa? Kama ni mama mwenyekiti: "The chairlady lent the group 2,000 shillings last week." Kama ni kikundi: "The chairlady borrowed 2,000 shillings from the group last week." Mnaona? Sentensi moja mbovu, na hatujui nani anamdai nani.