Dumu Lijazwe Kitgum

Mtu wa Kampala akipanga safari ya Hifadhi ya Kidepo, kitu cha kwanza anachotaka ukione ni madumu. Yako matatu au manne juu ya keria ya Prado, yamejazwa petroli tangu jioni kwenye kituo fulani cha Kawempe, na mwenyewe anayazunguka akiyapigapiga kama mwenye ng'ombe. Kwa hesabu nitakayokuonyesha, sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya bure, na hakuna hata dumu moja lililohitaji kujazwa Kampala.

Itazame njia yenyewe. Kampala hadi Kitgum ni kama kilomita 440, na vituo vya mafuta vinafuatana nawe: Luweero, Kigumba, Kamdini, Gulu. Kuondoka mjini na petroli juu ya paa ni kuvusha hatari katika sehemu zote zenye mafuta ili uifikishe mahali ambako nako mafuta yanauzwa. Anayetokea magharibi ya jiji kwa Northern Bypass hupita Namungoona, ambako usiku wa tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta lilipata ajali likawaka, na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao vijana wa bodaboda waliokuwa wamekimbilia kuchota. Mbele, kwenye barabara ya Bombo, kuna Kigogwa. Oktoba 2024 lori jingine lilipinduka hapo, na watu wasiopungua 11 wakateketea. Lita 80 si lori, lakini mvuke wake ni uleule.

Kwa hiyo beba madumu matupu, ambayo hayajawahi kutiwa mafuta au yamesafishwa na kukauka kabisa. Kipande chenye shida ya kweli kinaanzia Kitgum kupitia Orom na Karenga mpaka Apoka, makao ya Hifadhi ya Kidepo. Ni kama kilomita 150 za barabara ya vumbi, na mafuta utakayoyakuta njiani aghalabu ni yale yanayouzwa kwa chupa kando ya barabara. Hayo yasikutie moyo. Huwezi kujua yamechanganywa na mafuta ya taa kiasi gani, wala chupa ile ilibeba nini jana.

Sasa hesabu. Kwenda na kurudi kati ya Kitgum na Apoka ni kilomita 300. Siku mbili za kuzungukia wanyama kwenye bonde la Narus, pamoja na kufika chemchemi za maji moto za Kanangorok karibu na mpaka wa Sudan Kusini, ziwekee kilomita 200. Jumla ni 500. Prado ya petroli inayokula lita 13 kwa kila kilomita 100 za lami itakula 17 au 18 kwenye mashimo, mchanga na gia nzito. Hapo umefika lita 90, ambazo ni tangi zima la Prado nyingi. Ongeza robo kwa ajili ya tope, kupotea njia na dakika zile ambazo gari linanguruma pale pale kwa sababu watoto wanamtazama simba. Unapata lita 112 au 113. Pengo ni lita 22 au 23. Dumu moja la lita 20 linakaribia kuliziba. La pili ni la kukufanya ulale usingizi. La tatu na la nne ni maonyesho.

RAV4 ya kukodi, yenye tangi la lita zisizofika 60, inakuja karibu na jibu hilo hilo: dumu moja, au mawili kama mvua inanyesha. Nayo Land Cruiser ndefu ya dizeli, ile inayopendwa na mashirika ya misaada, mara nyingi ina matangi mawili yenye jumla ya lita 180. Hiyo haihitaji dumu hata moja. Inahitaji tu ujaribu swichi ya kubadilisha tangi ukiwa bado Kampala, maana tangi la pili ambalo pampu yake imekufa ni mzigo wa lita 90 usiotumika.

Usichukue namba zangu kama za gari lako. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, endesha, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile na ugawanye. Ila usipime kwa safari za mjini. Foleni ya Jinja Road haikuambii chochote kuhusu Karenga. Pima ukienda Luweero na kurudi, halafu ongeza theluthi kwa ajili ya vumbi. Msimu wa mvua huko Karamoja, eneo ilipo Kidepo, kuanzia Aprili mpaka Agosti na zaidi, udongo mweusi hunata kwenye matairi mpaka gari linasota kwa gia ya chini, na kilomita kumi zinaweza kula mafuta ya ishirini.

Hesabu hii ina adui mmoja: siku ambayo Kitgum haina mafuta. Haiji mara nyingi, lakini huja. Januari 2022 madereva wa malori waligomea vipimo vya Uviko mpakani Malaba na Busia, mafuta yakaadimika nchi nzima, na katika sehemu nyingine za mikoani lita moja ikauzwa kwa shilingi 10,000. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari, ya mafuta yakiwemo, yalilazimika kuzungukia Masindi na Pakwach. Dawa yake si kubeba madumu manne kila safari. Piga simu siku moja kabla ya kuondoka: hoteli utakayolala Kitgum, au dereva yeyote wa basi la kaskazini, atakwambia hali ikoje. Ikiwa mbaya, jaza madumu Gulu. Ikiwa mbaya Gulu pia, ahirisha.

Chombo chenyewe sasa. Jerikeni la njano lililokuwa na mafuta ya kupikia, ambalo kila nyumba ya Uganda inalo kwa ajili ya maji, si chombo cha petroli hata kidogo. Plastiki yake ni nyembamba, huvimba kwa joto, na kifuniko hakizuii mvuke. Zaidi ya hapo, rangi yake inasema maji. Ukiliacha karibu na kisima, mtoto wa mtu atalichotea maji. Tafuta la chuma lenye mishiko mitatu, lile lililobuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi na Waingereza wakaliiga vitani Afrika Kaskazini. Halijabadilika sana tangu hapo kwa sababu halikuwa na kasoro kubwa: mishiko mitatu inawawezesha watu wawili kulibeba, michirizi ya ubavuni inaliachia nafasi ya kutanuka, na kifuniko chake kinajifunga kwa kubana. Madumu ya plastiki nzito yaliyotengenezwa mahsusi kwa mafuta nayo yanafaa. Ukinunua la mtumba, lijaze maji, likaze, lilaze kifudifudi usiku kucha juu ya karatasi kavu. Asubuhi karatasi itakupa majibu. Likauke ndani kabisa kabla ya safari, kwani maji kidogo kwenye mafuta yatakusumbua kuliko mafuta kidogo kwenye tangi. Kisha andika kwa rangi, herufi kubwa: PETROLI au DIZELI. Waliokodi gari wasione haya kumuuliza mwenye gari tena na tena kama ni la petroli au la dizeli. Prado za aina zote mbili zimejaa Kampala na kwa nje hazitofautiani.

Kama bado hujachagua gari, chagua dizeli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la Karamoja. Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujawa wa kuwaka. Dizeli ikimwagika unapata harufu na utelezi. Petroli ikimwagika unapata wasiwasi.

Mahali pa kuliweka dumu ndipo watu wanapobishana zaidi. Ndani ya gari, hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini ya viti, unakaa kwenye zulia, na cheche ya swichi inautosha. Watakaokwambia kuwa wamefanya hivyo miaka yote wanasema kweli, na bado jibu ni hapana. Kwenye pikapu liweke nyuma, likiwa wima, limefungwa karibu na kabini ya dereva. Kwenye gari la kufunikwa panabaki paa au nyuma. Paani kumbuka uzito: dumu la chuma lililojaa ni kama kilo 20, magari mengi ya aina hii hayakusudiwi kubeba zaidi ya kilo 100 juu, keria ikiwemo, na uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye mitaro. Nyuma kuna hatari ya kugongwa, na kwenye barabara ya Gulu watu hugongwa kutoka nyuma. Mimi nachagua paa kwa dumu moja au mawili, katikati, karibu na mhimili wa mbele wa keria. Mafundi wa Katwe jijini Kampala wanaweza kukuchomelea fremu ya kulikumbatia. Tumia mikanda ya kukazia yenye meno, si kamba za manila. Kamba hulegea kila mtikisiko. Weka kipande cha mpira wa tairi kati ya chuma na chuma, la sivyo msuguano wa siku mbili unatosha kutoboa. Simama baada ya nusu saa ya kwanza ya vumbi ukaze tena.

Pale Kitgum, shusha madumu chini yajazwe yakiwa ardhini. Lililoko paani, au juu ya plastiki ya pikapu, hukusanya umeme tuli ambao hauna pa kwenda, na mdomo wa pampu ukiligusa cheche inaruka. Mwambie mhudumu apeleke mdomo wa pampu uguse chuma tangu mwanzo, na amimine polepole. Ishia mabegani mwa dumu. Lita 20 za petroli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu mililita 400, na lazima zipate pa kukaa.

Na hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri yote: wanalibakiza dumu mpaka taa ya mafuta iwake. Usingoje. Tangi likipata nafasi ya lita 20, na kwa Prado hiyo ni baada ya kilomita 110 hivi, yaani ukivuka Orom, simama kivulini umimine. Mafuta ndani ya tangi la gari yamehifadhiwa vizuri kuliko popote. Zima injini, ngoja bomba la moshi lipoe, simama upande ambao upepo unatokea, na mwenzako ashike mtungi wa kuzimia moto wa unga, si kuuacha chini ya mabegi. Tumia faneli yenye chujio. Dumu la pili litangoja hadi Apoka. Huko limimine mchana, mbali na jiko la mkaa na moto wa jioni. Usivute mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Petroli ikiteleza mapafuni ni maradhi makubwa, na hospitali iko mbali. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Upo mpira wenye kichwa cha shaba ambao unautikisa tu mafuta yanaanza kutiririka.

Dumu lililomwagwa halijaisha hatari. Hewa na mabaki ya mvuke ndani yake ni mchanganyiko ulio tayari kuwaka, pengine kuliko lililojaa, kwa hiyo lifunge na lirudi palepale paani. Lisiingizwe ndani kwa kuwa sasa ni jepesi.

Wanaotaka kurudi Kampala kwa njia ya mashariki, kupitia Kaabong, Kotido na Moroto hadi Soroti na Mbale, watupe hesabu ya juu na kuanza upya. Kutoka Apoka mpaka Moroto ni kama kilomita 250, sehemu kubwa vumbi, na Kotido isichukuliwe kama kituo cha uhakika. Kwa Prado hiyo ni lita 45, na robo yake ni kama 11. Ukichanganya na kilomita 150 za kuingia na 200 za hifadhini, unahitaji lita 130 au zaidi kuanzia Kitgum. Hapo madumu mawili yaliyojaa ni halali, na msimu wa tope la tatu halitakuwa la maonyesho.